Namna ya kuusoma mtungi wa octli katika vitabu vya picha vya Wanahua

Fungua Kodeksi ya Mendoza, kimojawapo cha vitabu vya picha vya Wanahua, watu wa Meksiko ya kati wanaosema Kinahuatl. Nenda karatasi ya 71, upande wa mbele. Ukishuka mpaka chini utamkuta bibi mwenye mikunjo usoni anakunywa, na mtungi wenye povu la octli, pombe yao, uko karibu naye. Sasa pandisha macho. Juu kwenye ukurasa huohuo wamechorwa vijana waliouawa kwa kosa la kulewa, na walichokunywa ni kilekile anachokunywa bibi. Kinywaji ni kimoja na ukurasa ni mmoja, lakini bibi anastarehe na vijana wamefumba macho ya mauti.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuzisoma picha hizo mwenyewe, hata kama hajui neno moja la Kinahuatl. Mara nyingi naona watu wakizitazama kama mapambo tu: mtungi mzuri, rangi nzuri, haya tuendelee. Inaniuma, kwa sababu waliozichora walikuwa wanaandika. Waliitwa tlacuilo, na neno hilo linamaanisha mwandishi na mchoraji kwa pamoja, maana kwao kazi ilikuwa moja. Ukijifunza kidogo jinsi mtungi unavyochorwa, na zaidi ukijifunza kuangalia nani na nini kimekaa jirani nao, ukurasa unaanza kusema.

Kwanza kijue kinywaji chenyewe

Kinahuatl kinakiita octli. Wahispania walikiita pulque, na wataalamu wengi wanaona jina hilo limetokana na octli poliuhqui, yaani octli iliyoharibika. Kinatoka kwenye mmea uitwao metl, ambao msomaji wa Tanga au Kilosa hatapata shida kuufahamu: ni ndugu mkubwa wa mkonge. Mkonge wetu wenyewe asili yake ni Meksiko. Jina lake la kigeni, sisal, ni la bandari ya Sisal kule Yucatán, na miche ya kwanza iliingizwa Tanganyika na Richard Hindorf mwaka 1893. Metl ina majani mapana na manene zaidi, lakini ule mwiba wa nchani na ile miiba ya pembeni ni vilevile.

Metl hukaa miaka mingi, mara nyingi 8 hadi 12, kabla haijasukuma mlingoti wa maua. Mgema huisubiri saa hiyo. Mlingoti ukikaribia kutoka, anaukata moyo wa mmea na kuacha shimo katikati, kisha kila siku anakwangua kuta za shimo hilo. Maji matamu yanajikusanya ndani, naye anayavuta kwa kibuyu kirefu kilichotobolewa ncha zote mbili, mdomo ukiwa juu. Hali hii inaendelea kwa miezi kadhaa, halafu mmea unakufa. Maji hayo yakiwa bado matamu yanaitwa necutli, neno wanalolitumia pia kwa asali. Yakichacha yanakuwa meupe, mazito kidogo, yenye povu, na hapo ndipo panapozaliwa octli. Haikai: kama tembo la mnazi au ulanzi, kesho ni kali na keshokutwa imeharibika.

Shika mambo matatu kutoka hapo, kwa sababu mchoraji aliyategemea: weupe, povu, na mmea unaotobolewa moyo.

Hatua ya 1: Jua umeshika kitabu gani

Siku hizi nakala nzuri zinapatikana bure kwenye intaneti. Usianze na picha zilizokatwakatwa za mitandaoni. Anza na ukurasa mzima, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinahitaji majirani wa mtungi.

Kodeksi ya Mendoza ndiyo ninayompa anayeanza. Ilichorwa katika miaka ya 1540 hivi, baada ya Wahispania kuiteka nchi, na ina maelezo ya Kihispania pembeni ya kila picha. Iko maktaba ya Bodleian, Oxford, na taasisi ya INAH ya Meksiko ilitoa toleo lake la kidijitali mwaka 2015. Kodeksi ya Borbonicus, iliyoko maktaba ya Bunge la Ufaransa, Paris, ni kitabu cha kalenda na ibada. Kodeksi ya Borgia iko Vatican, nayo ni ya kabla ya Wahispania. Haina maelezo ya Kihispania pembeni. Kodeksi ya Magliabechiano iko Florence, Italia, na ndiyo yenye mfululizo mrefu wa miungu ya octli. Mji huohuo wa Florence una Kodeksi ya Florentine, juzuu 12 alizozisimamia padri Mhispania Bernardino de Sahagún pamoja na waandishi Wanahua, zilizokamilika mnamo 1577. Humo Kinahuatl kimeandikwa kwa herufi za kawaida sambamba na picha, kwa hiyo ni kama kamusi ya mambo yote haya.

Angalia pia usichanganye. Kodeksi ya Nuttall na ile ya Vindobonensis zina vinywaji vyenye povu, lakini ni za Wamixteki, watu wengine na lugha nyingine. Michoro inafanana, majina hayafanani.

Na jua unaanzia wapi kusoma. Mendoza inafunguliwa kama kitabu cha Kizungu. Borgia ni mkunjo mrefu wa ngozi, inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na sehemu nyingine inageuka njiani kama ng'ombe anayelima: mstari wa chini unakwenda upande mmoja, wa juu unarudi. Hesabu ya siku kwenye kurasa 61 mpaka 70 imepangwa hivyo. Ukiisoma kwa mazoea ya kushoto kwenda kulia, Mayahuel na Patecatl, miungu ya octli tutakaowaona mbele, utawakuta, lakini siku zao zitakuwa zimegeuzwa.

Hatua ya 2: Tafuta povu, kisha ulitilie shaka

Mtungi wa octli kwa kawaida ni wa tumbo la mviringo na shingo fupi. Kinachoutambulisha ni kilichojaa juu ya mdomo wake: weupe uliovimba kupita ukingo, umejazwa viduara au vidoa vidogo. Hilo ni povu. Mchoraji wa Kinahua hakuwa na desturi ya kuonyesha kilichomo ndani ya chombo kwa kivuli wala mwanga. Alikitoa nje kikaonekana. Chombo kisicho na kitu juu ya mdomo usikisemee chochote bado.

Lakini povu halitoshi. Kakao nayo ilinywewa na povu, na povu lake lilithaminiwa sana. Kodeksi ya Tudela, iliyoko Madrid, ina mwanamke aliyesimama akimimina kinywaji kutoka juu kwenda kwenye chombo kilicho chini ili kitoe povu, na hiyo ni kakao. Kwa hiyo ukiona anayemimina kutoka juu, fikiria kakao kwanza. Ukiona weupe na mtungi wa tumbo kubwa uliotua chini, watu wameuzunguka na vikombe, octli inakuwa karibu zaidi.

Mtego wa pili ni kodi. Mendoza ina kurasa nyingi za mali zilizopelekwa Tenochtitlan, mji mkuu wa dola, na miji iliyotekwa, na humo mna mitungi. Juu ya mtungi utakuta alama ya hesabu. Hesabu yao ilikwenda kwa ishirini: kiduara ni moja, bendera (pantli) ni 20, kishungi kinachofanana na nywele au unyoya (tzontli) ni 400, na mfuko (xiquipilli) ni 8,000. Mtungi wenye kishungi kimoja ni mitungi 400. Jimbo la Axocopan lilitozwa kodi hiyo kwa asali nzito ya metl, ile iliyochemshwa. Inatoka kwenye mmea uleule, ila haijachacha na wala hailevyi. Ukweli wenyewe unasaidia hapa: kinywaji kinachoharibika kwa siku mbili huwezi kukibeba kuwa kodi ya safari ndefu, asali nzito unaweza.

Hatua ya 3: Tafuta hilali

Hii ndiyo alama ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ukishaijua huwezi tena kuacha kuiona. Inaitwa yacametztli: yacatl ni pua, metztli ni mwezi. Ni kipini cha pua chenye umbo la hilali, ncha zake zimejikunja. Miungu ya octli huivaa puani. Lakini haikai puani tu. Utaiona imechorwa kwenye ngao, kwenye nguo, na kwenye tumbo la mtungi wenyewe. Mtungi wenye povu na hilali tumboni haubishaniwi tena. Ni octli, na ni octli ya ibada.

Kwa nini mwezi? Wanahua waliona sungura usoni mwa mwezi. Simulizi iliyoandikwa na Sahagún inasema mwezi ulipochomoza uling'aa sawasawa na jua, na mmoja wa miungu akaupiga usoni kwa sungura ili kuufifisha. Katika Kodeksi ya Borgia mwezi unachorwa kama chombo cha mfupa chenye umbo la hilali, ndani yake mna maji, na juu ya maji amekaa sungura. Uangalie mchoro huo kwa utulivu. Ni mwezi, lakini pia ni bakuli lililojaa. Hilali, chombo, kioevu na sungura vimeshikana, na sungura ndiye jina la miungu ya octli. Ndiyo maana kipini cha pua peke yake kinaweza kusimama badala ya mtungi.

Hatua ya 4: Utambue mmea, na mwenye mmea

Metl inachorwa imefunguka kama feni: majani yamepangwa sawasawa kushoto na kulia, kijani au kibuluu, ncha za miiba zimepakwa rangi tofauti, na mara nyingi mizizi imeonyeshwa chini, maana Wanahua walipenda kuchora mmea mzima kana kwamba umeng'olewa. Ukimwona mwanamke ametoka katikati ya mmea huo, au ameketi mbele yake, huyo ni Mayahuel. Metl ni yeye na yeye ni metl. Simulizi moja ya karne ya 16 inaeleza kwamba mungu Quetzalcoatl alimshusha duniani, wakajigeuza mti wa matawi mawili. Bibi yake Mayahuel akashuka na wenzake, wakalivunja tawi la mjukuu wake na kulila. Quetzalcoatl akaizika mifupa iliyobaki, na hapo ikaota metl.

Katika kalenda ya siku 260, iliyogawanywa kwa mafungu ya siku 13, Mayahuel anasimamia fungu la nane, linaloanza na siku Moja Malinalli. Mtafute Borbonicus, ukurasa wa 8, au Borgia, ukurasa wa 68. Mumewe Patecatl anasimamia fungu la kumi na moja, linaloanza na Moja Ozomatli, yaani Moja Nyani. Patecatl ndiye aliyegundua ocpatli, mzizi uliotiwa kwenye maji ya metl yakapata nguvu. Neno lenyewe ni octli na patli, dawa. Mke anatoa maji, mume anatoa chachu. Wagema wa kwetu watauelewa mgawanyo huo bila kuelezwa zaidi.

Metl nayo ina mitego yake. Mlima wenye mmea huo kileleni ni jina la mji, Metepec, na hakuna anayekunywa hapo. Kwenye Mendoza, karatasi ya 59, kuna mtoto aliyefungwa kamba na miiba ya metl imechomekwa mwilini. Hayo ni malezi, adhabu ya mtoto mkaidi wa miaka tisa. Majani yalitoa pia nyuzi, na nyuzi zikatoa nguo na kamba, sawa na katani.

Hatua ya 5: Msome sungura polepole

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na hapa ndipo penye utajiri wote, basi tukae kidogo.

Miungu ya octli kwa jumla inaitwa Centzon Totochtin, Sungura Mia Nne. Mia nne kwao ni hesabu na pia ni namna ya kusema wasiohesabika, kama sisi tunavyosema maelfu kwa maelfu. Kwa nini wawe wengi hivyo? Maelezo yaliyohifadhiwa katika juzuu ya nne ya Kodeksi ya Florentine yananigusa kila ninapoyarudia. Octli haimlevyi kila mtu kwa namna moja. Mmoja akinywa analala. Mwingine anaimba. Mwingine analia peke yake, machozi yanamtiririka kama mvua ya mawe. Mwingine anatafuta ugomvi, mwingine anamshuku mkewe. Kila mlevi ana sungura wake, na watu walipomwona mtu kaanza tabia yake ya pombeni walisema tu kwamba huyo ndiye sungura wake. Basi wachoraji walipojaza kurasa za Magliabechiano kwa mungu mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa na hilali puani, uso wa rangi nyekundu na nyeusi, na wengi wakishika shoka, hawakuwa wanajirudia. Kila mmoja ana jina lake na mji wake.

Angalia majina yanavyoishia. Tepoztecatl maana yake ni mtu wa Tepoztlan. Mji huo uko jimbo la Morelos, na juu ya genge linaloutazama bado limesimama hekalu lake. Alama ya mji kwenye Mendoza ni mlima wenye shoka la shaba, kwa sababu tepoztli ni shaba, na Tepoztecatl naye anashika shoka hilohilo. Maandishi ya Magliabechiano yanasema kwamba mtu wa huko akifa amelewa, wenzake walifanya sherehe kubwa wakiwa na mashoka ya shaba mikononi. Shoka, basi, linakuambia mungu na linakuambia mji kwa mara moja.

Sasa vidoa. Sungura mwenye vidoa viwili ni Ome Tochtli, Sungura Wawili, jina la siku na jina kuu la mungu wa octli. Aliyezaliwa siku hiyo iliaminika kwamba ulevi ungemtawala. Lakini kabla hujaandika jibu, angalia kama sungura na vidoa vyake vimefungwa ndani ya kiboksi cha rangi ya buluu. Kama vimefungwa, hiyo ni tarehe. Sungura ni mojawapo ya alama nne zinazobeba miaka, pamoja na tete, jiwe la gumegume na nyumba. Kwenye kurasa za kihistoria za Mendoza, kiboksi cha Sungura Wawili ni mwaka 1442 katika utawala wa Moctezuma wa kwanza, au 1494 katika utawala wa Ahuitzotl. Wala Sungura Mmoja hana furaha yoyote ya pombe: mwaka wa jina hilo, 1454, njaa iliuma mpaka lugha ikapata kitenzi chake, watu wakisema kwamba wamesungurishwa-mmoja.

Sungura juu ya mlima, bila vidoa wala hilali, ni Tochtepec, mji. Sungura mwenye vidoa vitano ni Macuiltochtli, na huyo mpe uzito, kwa sababu tano katika mambo ya octli ni namba ya kupita kiasi. Simulizi za Florentine zinasema wakubwa walipogundua octli walialikana mlimani, kila mmoja akapewa vikombe vinne. Kiongozi wa Wahuasteki akaomba cha tano. Akalewa, akavua nguo yake mbele ya watu, na kwa aibu yeye na watu wake wote wakahama kwenda pwani. Mfalme Topiltzin Quetzalcoatl wa Tula naye alivuka kikombe cha nne, na ufalme wake ukaanguka. Kwa hiyo popote unapoona vikombe, vihesabu.

Hatua ya 6: Angalia nani ameshika kikombe

Turudi kwa bibi yetu wa karatasi ya 71. Mambo ya kutazama yapangwe hivi.

Uso kwanza. Mistari kwenye shavu na kando ya mdomo ni uzee. Mwanamke mtu mzima anatambulika kwa nywele zilizofungwa na kuinuliwa mafungu mawili kama pembe ndogo juu ya paji. Jicho lililofumbwa kwa mstari mmoja ni mauti. Alama iliyojikunja kama moshi mbele ya mdomo ni usemi, na ikipambwa huwa wimbo.

Kisha umri. Maelezo ya Kihispania yanasema mwenye miaka 70, mwanamume au mwanamke, akiwa amekwisha kuwa na watoto na wajukuu, aliruhusiwa kunywa na kulewa. Kwa hesabu yao 70 ni bendera tatu na viduara kumi. Ukomo huo unaeleza mpangilio wa ukurasa: vijana wanaadhibiwa juu, mzee anapumzishwa chini, na katikati ya makundi hayo mawili kuna maisha mazima ya kazi. Mchoraji hakuandika sheria kwa maneno. Aliweka povu lilelile mara mbili mbele ya miili tofauti, akaacha jicho lako lifanye hukumu.

Kisha shughuli. Wapo waliokunywa kabla ya uzee kwa sababu sikukuu ilitaka. Kila mwaka wa nne, katika mwezi wa Izcalli, watoto walitobolewa masikio na kuonjeshwa octli. Sherehe hiyo iliitwa pillahuano, ulevi wa watoto. Kwa hiyo mtoto na kikombe si kosa la mchoraji. Ukiona mirija imesimama kwenye chombo, ujue uko hekaluni: Sahagún anasimulia ibada ambapo mirija zaidi ya 200 iliwekwa mbele ya waimbaji nao wakacheza kuizunguka, na ni mmoja tu uliokuwa wazi ndani. Aliyeupata ndiye aliyekunywa, wengine walimwacha peke yake.

Hatua ya 7: Maandishi ya pembeni yasome mwisho

Maelezo ya Kihispania ni msaada mkubwa, lakini yameandikwa na macho mengine. Mwandishi wa Mendoza mara nyingi anaandika vino, mvinyo, pale mchoraji alipochora octli. Hapakuwa na zabibu hapo. Mapadri nao waliposimulia miungu ya octli walimwona mlevi na shetani tu, wakaruka wakulima, mavuno na wazee. Ndiyo maana nashauri uandike kwanza ulichokiona kwenye picha, kwa maneno yako, ndipo usome pembeni. Ukianza na maelezo, macho yako yatatafuta kuthibitisha tu.

Kwa Kinahuatl chenyewe, Gran Diccionario Náhuatl ya chuo kikuu cha UNAM inakusanya kamusi za zamani mahali pamoja na haina malipo. Maelezo yake ni ya Kihispania. Kwa alama, chuo kikuu cha Oregon kina faharasa ya picha iliyopangwa alama kwa alama, ambamo unaweza kutafuta octli, metl au tochtli na kulinganisha mikono ya wachoraji mbalimbali.

Hatua ya 8: Jaribu karatasi ya 61

Chukua Mendoza, karatasi ya 61, upande wa mbele. Ni harusi. Bibi harusi anabebwa mgongoni usiku, wenye mienge wanamulika njia. Juu yake, ndani ya nyumba, maharusi wameketi kwenye mkeka na nguo zao zimefungwa fundo pamoja. Wazee wanne wamewazunguka, wanaume wawili na wanawake wawili, na mbele ya midomo yao kuna alama za usemi. Kuna chakula, na karibu na chakula kuna mtungi na kikombe.

Chukua daftari uandike vitu vitano: umbo la chombo, kilicho juu ya mdomo wake, alama yoyote tumboni mwake, watu walio karibu na umri wao, na mikono ya nani imeugusa. Usiandike bado neno octli. Ukimaliza, jiulize mtungi huo umewekewa nani, vijana wanaofunga ndoa au wazee wanaowausia. Andika jibu na sababu zake kwa mstari mmoja. Kisha fungua tena karatasi ya 71, umtazame bibi na mtungi wake, uone kama jibu lako linasimama.